Barua ya wazi kwa dada yangu: shingo na kichwa cha mtoto, kabla hujalipia skani

Dada mpendwa,

Pole na kuuguza. Mtoto anaumwa kichwa na shingo miezi mitatu sasa, nawe unataka kulipia skani, yaani picha ya ndani ya kichwa. Fedha hiyo usiitoe kwanza, soma hii.

Tuanze na malaria, maana ndiyo inayoandikwa kila mara. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kinaweza kuonyesha mistari miwili hata wiki kadhaa baada ya dozi kuua vimelea, kwa sababu kinanasa protini iliyobaki kwenye damu. Kama mtoto hana homa na amemaliza dawa juzijuzi, omba damu ipimwe kwa hadubini. Ikitoka safi, achana na malaria. Kichwa kinachouma miezi mitatu mfululizo kina sababu nyingine.

Pili, kitabu chake cha matibabu kiwe kimoja. Ukinunua kipya kila kliniki, kila daktari anaanza upya na kuandika dawa ileile. Kurasa za nyuma ziandikie mwenyewe kwa wiki nne: maumivu yameanza saa ngapi, wapi (paji, upande, kisogo), yamechukua muda gani, alikuwa anafanya nini, alilala na kula vipi, amepewa dawa gani na kama ilisaidia. Daktari mzuri atapata humo mengi kuliko kwenye vipimo.

Kama anaumwa saa kadhaa, anachukia mwanga na kelele, anatapika, kisha akilala gizani anaamka mzima, na kwenu kuna mwingine wa hivyo, fikiria kipandauso. Kwa watoto mara nyingi huuma pande zote mbili, na shingo hukaza pamoja nacho. Ndiyo maana watu humkanda shingo, kumbe shida iko kichwani.

Maumivu ya kisogoni yanayomchoma ghafla akikohoa, akicheka au akijikamua chooni ni habari nyingine. Huenda sehemu ya chini ya ubongo wa nyuma imeshuka kupitia tundu la fuvu hadi shingoni. Madaktari huita Chiari. Hapo ndipo MRI (skani ya sumaku) inapostahili gharama yake, kwa kuwa CT (skani ya eksirei) inaweza isiionyeshe vizuri.

Shingo ikipinda upande mmoja, akilia usiku anapogeuka, akikonda au kutokwa na jasho jingi la usiku, uliza kuhusu kifua kikuu cha mifupa. Uchunguzi wake unaanza na eksirei ya shingo, kisha vipimo vya kifua kikuu. Na hapa nakusihi, dada: asije mtu kumvuta au kumzungusha shingo, hata kama ni mkandaji anayesifiwa kijiji kizima. Pingili iliyoliwa na ugonjwa ikiteleza inabana uti wa mgongo, na mtoto anaweza kupooza.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona homa na shingo ngumu, maumivu yanayomwamsha usiku au asubuhi pamoja na kutapika, kengeza jipya, kuona vitu viwiliviwili, kuyumba, mkono au mguu kulegea, au degedege. Siku hiyohiyo nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, mchana au usiku. Upasuaji wa ubongo wa watoto ukihitajika, hospitali ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, ndiyo kazi yake.

Dawa za maumivu: parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa dozi moja. Mtoto wa kilo 24 anapata miligramu 360, yaani mililita 15 za sirapu yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Kidonge kizima cha miligramu 500 ni kingi. Isizidi mara nne kwa siku. Aspirini usimpe. Akimeza dawa siku 15 au zaidi kila mwezi kwa miezi kadhaa, dawa zenyewe zinaweza kuzaa maumivu ya kichwa.

Angalia pia anachobeba. Jerikeni la lita 20 likijaa ni kilo 20 na ushee, karibu uzito wake mwenyewe, juu ya shingo hiyohiyo. Mpe la lita 5, alibebe mkononi. Macho nayo yapimwe, ila miwani peke yake ni nadra kumaliza maumivu ya namna hii.

Ukifika kwa daktari, mwombe amchungulie ndani ya jicho kwa kile kitochi maalumu, kuona kama mshipa wa fahamu wa jicho umevimba. Hiyo ni dakika chache, na itasaidia kuonyesha kama picha ya kichwa ni ya haraka. Picha ikipigwa, ondoka na filamu au CD yenyewe, pamoja na karatasi ya majibu. Bila hivyo hospitali inayofuata itakutaka ulipie nyingine.