Foleni mmetuhamishia Ukunda

Mhariri,

Ile taarifa yenu kuhusu baipasi ya Dongo Kundu, iliyotutangazia kwamba Pwani Kusini sasa inapumua, imenitoa kwenye ukimya. Kwa miaka nimesoma barua za wengine katika ukurasa huu nikazipisha. Safari hii la. Picha mliyochapa ilionyesha lami tupu juu ya daraja la Mteza, jua ndio kwanza linachomoza, gari moja kwa mbali. Inafaa kalenda. Aliyeipiga hakuendelea mbele hadi hapa Ukunda, penye njia panda ya kwenda ufuo wa Diani, na kwa hakika hakuja Jumapili.

Barabara yenyewe siibezi. Ni kilomita 17.5 kutoka Miritini hadi Kibundani. Kipande cha Miritini hadi Kipevu kilitangulia mwaka wa 2018, yakafuata madaraja mawili, la Mwache lenye mita 660 na la Mteza lenye mita 1,440, na tangu 2024 gari linatoka barabara kuu ya Nairobi likaingia ile ya Likoni–Lunga Lunga bila kupanda feri ya Likoni. Dereva wa lori la saruji aliyekuwa akila chakula cha mchana Likoni akingoja zamu, siku hizi anakula akishateremsha mzigo. Mkopo wa Japani umefanya kazi ya kuonekana, hakuna anayebisha. Ninachouliza ni magari hayo yanakwenda wapi yakishafika Kibundani. Taarifa yenu haikuligusa hilo hata kwa mstari mmoja.

Feri, pamoja na kero zake zote, ilikuwa mfereji. Ilifungulia magari kwa mkupuo mmoja, ikafunga, ikafungulia tena. Mkupuo ukifika Ng'ombeni umeshaanza kuchambuka, wa Kwale wanakata Kombani, wa Tiwi wanaingia Tiwi, na kufikia Ukunda palikuwa na nafasi nzuri kati ya kundi na kundi, anayetoka Diani akajipenyeza bila kugombana na mtu. Sasa mfereji umeng'olewa. Magari yanakuja mfululizo, asubuhi hadi usiku. Idadi ya siku nzima inaweza isipande sana na bado njia panda ikafa, kwa sababu kinachoiua njia panda ni kukosekana kwa mapengo.

Hesabu yake si ngumu. Kenya tunaendesha upande wa kushoto. Anayetoka Mombasa kwenda ufuoni anapinda kushoto pale Ukunda, hamkatizi mtu. Ndiyo maana Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi mambo huonekana shwari, na wapiga picha hudanganyika. Kazi iko kwenye kurudi. Anayetoka Diani kurudi Mombasa anapinda kulia: akatize yanayotoka Mombasa, kisha aingie mbele ya yanayotoka Msambweni, yote kwa wakati mmoja. Gari dogo linahitaji pengo la takriban sekunde 7 kufanya hivyo salama, na la nyuma yake likimfuata papo hapo linahitaji nyongeza ya sekunde 3 hadi 4. Lori linahitaji zaidi. Barabara kuu ikipitisha magari 600 kwa saa, pande zote mbili, wastani ni gari moja kila sekunde 6, na mapengo ya kutosha bado yapo. Yakifika 900, wastani ni sekunde 4. Hapo pengo refu huja mara moja moja, huruhusu gari moja au mawili, huku nyuma matano mengine yameshajiunga. Kisha dereva mmoja huchoka, huchomeka pua ya gari kwenye pengo la sekunde 4, anayekuja hukanyaga breki, na kila aliye nyuma yake naye hukanyaga, hadi breki hizo zinafika karibu na kituo cha mafuta. Kusema kwamba Wakenya hawana subira si jibu. Hata wenye subira ya mawe wangekwama hapo.

Mnataka ushahidi? Jumapili moja ya juzi juzi, trela lenye kontena la futi 40 lilikuja kutoka upande wa Kibundani likitaka kupinda kushoto kuingia barabara ya Diani. Trela kama hilo, kichwa na mkia, hukaribia mita 17, na magurudumu yake ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Hukata ndani. Dereva anayeijua kazi hujitoa kwanza kulia, ndipo akate kushoto, na ndivyo huyu alivyofanya. Tuktuk iliyopakia madumu ya maji ikaona upenyo ule wa kushoto, ikaingia. Ekseli za nyuma zikaikandamiza kwenye ukingo wa zege, gurudumu la mbele likainuka, madumu mawili yakapasuka, na mwenye tuktuk akachomokea upande wa pili ameshika kioo cha pembeni mkononi. Hakuumia, Mungu ashukuriwe. Lakini trela halikuweza kwenda mbele bila kuimaliza tuktuk, wala kurudi nyuma, kwa kuwa matatu tatu zilikuwa zimeshajibana kwenye mkia wake. Gari la wagonjwa lililotoka kusini likapiga king'ora pale pale hadi watu wakaacha kugeuza shingo. Walioongoza magari ni makanga, kwa makofi na matusi. Askari wa trafiki walikuwepo siku hiyo, tena wengi, mbele kidogo, wakikagua leseni.

Na dawa inayotolewa kila likitokea jambo la aina hii ni ile ile: matuta! Tuta la viwango, lile la mviringo, lina urefu wa mita 3.7 kufuata njia ya gari na kimo cha sentimita 10, na limekusudiwa kasi ya takriban kilomita 30 kwa saa, mahali penye shule au zahanati. Haya tunayomwagiwa usiku kwa masalio ya lami hayana kipimo. Ni mafupi, yamesimama kama ngazi, na lori lililojaa hadi tani 56 halina budi kusimama kabisa, kuingiza gia ya kwanza na kuanza upya. Kila lori likifanya hivyo foleni inazaliwa, hata kama njia panda iko wazi. Halafu mtu atazame chini ya magurudumu. Joto la Pwani hulainisha lami. Gari likipita kwa kasi, lami haipati muda wa kubonyea. Likisimama, au likitambaa, uzito wote hukaa mahali pamoja, lami husukumwa pembeni na mbele, na mbele ya kila tuta huchimbika michirizi miwili sawasawa na upana wa matairi. Mvua hutuama humo, maji hupenya kwenye nyufa, na mwaka haupiti kabla ya kupata shimo, kisha wenye matatu wanaanza kulikwepa kwa kuhama upande. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2016 inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi mawili mawili, na tani 24 kwa ekseli tatu zilizoungana. Waliosomea barabara wanajua kwamba madhara ya ekseli hupanda takriban kwa kipeo cha nne: ukizidisha uzito kwa asilimia 20, madhara yanakuwa maradufu. Sasa uchukue ekseli iliyozidishwa, uisimamishe juani mbele ya tuta, halafu uje uniambie mkandarasi alikula saruji.

Kuna na steji. Kwa kawaida kituo cha abiria hufaa kuwekwa baada ya njia panda, ili gari linaloshusha lisizibe wanaotaka kupinda, wala lisimfiche anayekuja kwa anayechungulia kutoka barabara ndogo. Hapa matatu husimama kabla ya njia panda, kwenye njia panda na baada yake, kwa vile abiria wako kote. Siwalaumu peke yao. Hakuna aliyewaonyesha pa kusimama kwa namna inayoonekana gizani.

Na nikiwa hapo hapo, Mhariri, haya malori ya mchanga na ya mawe kutoka timboni hamjawahi kuyaandika. Mchanga unapakiwa ukiwa mbichi, hakuna turubai, maji yanachuruzika njia nzima na kila kona inabaki na lundo. Bodaboda akipinda juu ya mchanga ule kwenye lami ngumu ni kama hakuna breki. Mchanga huo usiposagwa na matairi, huoshwa na mvua kuingia mitaroni. Kalavati la kipenyo cha sentimita 60 likijaa mchanga hadi nusu, hupitisha chini ya nusu ya maji liliyoundiwa, na masika yakianza barabara inageuka mto, kisha tunaambiwa ni mabadiliko ya tabianchi. Sepetu mbili na vijana wanne, siku mbili kabla ya mvua. Turubai nayo inauzwa dukani.

Kuhusu njia panda yenyewe, wahusika wasitushtue na michoro ya daraja la juu litakalojengwa wajukuu wetu wakiwa wazee. Steji isogezwe mita 80 hadi 100 kupita njia panda, kila upande. Anayepinda kulia kutoka Msambweni atengewe nafasi yake ya kungojea, upana mita 3, urefu mita 60, ambazo zinatosha magari madogo tisa hivi, na ilindwe na nguzo za plastiki, maana bila nguzo itakaliwa na tuktuk kabla rangi haijakauka. Matrela ya kontena yanayokwenda Diani yaingie baada ya saa tatu usiku. Jumapili, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa moja usiku, asimame askari mmoja tu wa kuongoza magari, na aambiwe asifungue upande mmoja dakika tano nzima akidhani anawahurumia: zamu zote zikizunguka ndani ya sekunde 90 hadi 120, hakuna mkia utakaofika mbali. Wakitaka kujenga mzunguko, vyema, lakini chini ya kipenyo cha mita 28 trela halizunguki, na kisiwa cha katikati kiwe na ukingo mpana wa zege wa kupandwa na magurudumu ya nyuma. Wasije wakapaka chokaa pipa la mafuta, wakaliweka katikati ya barabara na kualika wageni wa kukata utepe. Au na waalike, ilimradi sherehe iwe Jumapili saa kumi na moja jioni, na wageni wote warudi Mombasa kutoka Diani bila ving'ora.

Tena mistari isipigwe kwa rangi ya kuta. Ile hufutika chini ya matairi baada ya miezi michache, na usiku wa mvua haionekani kabisa. Inayotakiwa ni rangi ya plastiki inayoyeyushwa kwa nyuzi joto 200 hivi na kumwagwa unene wa milimita 3, juu yake zinyunyizwe chembe za kioo kabla haijaganda, ili mwanga wa taa za gari urudi kwa dereva. Lami ifagiliwe kwanza, na iwe kavu. Wakija na ndoo na brashi, warudi nazo.

Mkazi wa Ukunda,
Kaunti ya Kwale