Kabla hujakodi ampu kwa shoo ya mtu mmoja, soma hapa kwanza

Ijumaa mchana simu zinazoingia dukani ni zile zile, mtu ana shoo jioni kwenye lodge huko Usa River au baa ya Njiro, yuko mwenyewe na gitaa na maiki, anauliza jamani mna ampu (ile spika ya gitaa yenye kikuza sauti chake) ya kukodi? Tunazo. Ila siku hizi kabla hatujakutajia bei tunakuuliza utapigia wapi na uko na nani, ukisema uko peke yako basi mara nyingi tutakwambia achana na ampu, chukua modela. Najua inaonekana kama tunajiharibia biashara maana ampu tunaikodisha ghali kuliko kale kaboksi, lakini mteja akirudi Jumatatu amenuna kwamba meneja alikuwa anamfuata kila nyimbo apunguze sauti, hata sisi hatuna raha.

Kwa wale ambao hawajawahi kuishika, modela ni kompyuta ndogo ya gitaa, unachomeka gitaa upande mmoja na upande wa pili inatoka sauti kana kwamba gitaa limepita kwenye ampu, likatoka kwenye spika, likachukuliwa na maiki. Sio kitu kipya, POD ya Line 6 ilitoka 1998 na Kemper 2011, ila sasa hivi kuna ndogo ndogo za bei ya kawaida kama Boss GT-1 ambazo kwa kazi ya hoteli zinatosha kabisa.

Uzito ndio watu wanauona kwanza. Ampu ya Fender Twin Reverb ni kilo 29 hivi, GT-1 na betri zake ndani ni kilo moja na kidogo. Kama unatoka Arusha kwenda kupiga Moshi na huna gari, hebu jaribu kuingia kwenye Costa na ampu ya kilo 29 uone konda atakavyokuangalia, na ukishashuka stendi bado kuna boda ya kukufikisha Shanty Town. Modela inakaa kwenye begi la mgongoni pamoja na waya.

Lakini kwangu mimi sababu kubwa ni nyingine. Ampu ya valvu, zile taa za kioo ndani kama Twin, inaanza kuwa tamu ukiifungulia, na Twin ina wati 85, sasa pale watu wanakula na kuongea biashara zao utaifungulia saa ngapi? Alafu ampu inatupa sauti mbele moja kwa moja, meza iliyo usawa wa spika inaumia na wale wa pembeni wanasikia maiki yako tu. Wewe tayari unaimba kupitia spika za hoteli, pitisha na gitaa humo humo, kila mtu anapata vyote viwili kwa kiasi kimoja.

Sasa tuje kwenye malalamiko, maana kuna machalii wananunua modela mtandaoni, wanachomeka kwenye miksa, inalia kama nyuki kwenye kopo, wanakuja kutuambia hii kitu ni feki. Sio feki. Spika ya gitaa haitoi sauti zote, nyingi zinaishia kama Hz 5,000, juu ya hapo zinakata, na ule mkato ndio unaofanya distoshen, ile sauti ya gitaa inayokwaruza, isikike nene na laini. Spika za mziki zina twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu, inayopanda mpaka huko karibu na Hz 20,000, kwa hiyo ukipeleka distoshen bila kuigiziwa spika ya gitaa, makelele yote ya juu yanatoka mazima. Ndani ya modela kuna sehemu ya kuigiza kabineti, yaani boksi la spika ya gitaa, hakikisha imewashwa. Kwenye GT-1 kuna na setingi ya autiputi inayouliza umechomeka wapi, ukienda kwenye miksa weka LINE/PHONES, ukiiacha kwenye ampu ndio hao nyuki. Na kama una waya mmoja tu chomeka tundu la kushoto lililoandikwa MONO, ukichomeka la kulia peke yake kuna sauti zitapungua na hutajua zimeenda wapi.

Kingine, usitengeneze sauti zako chumbani na hedifoni alafu ukazipeleka kwenye shoo hivyo hivyo. Sikio letu kwenye sauti ndogo halisikii besi na trebo vizuri, kwa hiyo unaziongeza, ukifika ukumbini spika zikafunguliwa besi inanguruma na trebo inachoma masikio. Tengeneza kwa sauti ile ile utakayopigia. Kata besi ya chini ya Hz 80 hivi, waya mnene wa E uko hapo hapo 82 kwa hiyo hupotezi kitu, na juu punguza kuanzia Hz 6,000 au 7,000, utaona nafasi ya kuimba imefunguka.

Umeme. Huku kwetu unajua wenyewe, unakata katikati ya nyimbo, jenereta inachukua muda, na modela ni kompyuta, ikizimika inaanza kuwaka upya. GT-1 inatumia betri nne za AA, ziweke hata kama una adapta. Modela zisizo na betri kama HX Stomp ya Line 6 zinataka adapta yake ya volti 9, usiazime ya pedali nyingine ukasema si volti 9 zote, ampea haitoshi. Ukisikia mvumo ambao haukuwepo, mara nyingi ni chaja ya simu au laptop unayopigia biti, itoe kwanza usikie. Kuna watu wanakata ule mguu wa ethi kwenye plagi ili mvumo uishe, tafadhali sana usifanye, maiki iko mdomoni na gitaa liko mkononi, shoti itapita kwako, tumia DI boksi (kale kaboksi kanakokaa kati ya modela na miksa) yenye swichi ya kuachanisha ethi.

Wa gitaa kavu lenye pikapu, zima ampu na kabineti zote ndani ya modela, bakiza ikwalaiza na riveb kidogo basi.

Ukiwa na bendi yenye dramu, au kwaya iliyozoea kusikia gitaa likitoka nyuma ya mgongo, hapo ampu bado ina heshima yake na tutakukodishia bila maswali. Wazee wa zilipendwa na ile ampu yao ya Roland JC-120 sibishani nao, japo sauti yake safi ndani ya Boss ipo, Boss na Roland ni kampuni moja.

Ukikodi modela kwetu tunaiseti na wewe hapo hapo dukani kwenye spika za mziki, sauti tatu au nne za kukutosha usiku mzima, na kama unayo yako ukaileta tunakusetia pia kwa hela ndogo. Njoo na gitaa lako na maiki unayoimbia, sio ya kuazima. Na njoo Jumanne mpaka Alhamisi asubuhi, wikiendi spika zote zinakuwa zimeshatoka kwenye harusi.