Krismasi ya safarini ni Krismasi, ila tuiondolee mbio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nimjibu msomaji aliyeandika kwamba familia zinazofunga milango na kuingia barabarani wakati wa Krismasi zinaiua sikukuu, na kwamba mahali pa Krismasi ni nyumbani, basi. Ameandika kwa uchungu. Naamini ni mzee aliyewahi kuachwa peke yake, na hilo nitalirudia kwa sababu lina uzito. Lakini ziko nyumba ambazo Desemba ikifika hazikaliki, na hizo hakuzitaja.

Yangu ilikuwa mojawapo. Mama yangu mzazi aliishi nasi mpaka alipofariki, mwezi Novemba. Kiti chake kilikuwa karibu na dirisha la sebuleni, na kila Krismasi alikaa hapo akigawa zawadi, akimwita kila mjukuu kwa jina la utani alilompa yeye mwenyewe. Ilipofika katikati ya Desemba hakuna aliyethubutu kukisogeza kile kiti wala kukikalia. Watoto wakaanza kutumia mlango wa nyuma ili wasipite sebuleni. Mume wangu ndiye aliyeniambia usiku mmoja, "Mama watoto, tuondoke." Hatukuwa na mahali maalumu pa kwenda. Tulichagua barabara ambayo hatujawahi kuipita, tukafunga nyumba, tukamwachia jirani ufunguo.

Msomaji yule atasema tuliikimbia nyumba. Mimi nasema tulikwenda kumlilia mama mahali tulipoweza kulia. Ndani ya gari watu wote hutazama mbele, hakuna anayemkodolea mwenzake macho, na mtu anaweza kusema jambo zito bila kuonekana uso. Kifungua mimba wangu, kijana ambaye tangu mazishi alikuwa akijibu "ndiyo" na "hapana" tu, siku ya pili ya safari, mvua inanyesha na waipa zinakwenda mbio, aliuliza kutoka kiti cha nyuma: "Bibi alijua kwamba anakufa?" Baba yake alikuwa kwenye usukani, asingeweza kugeuka. Alimjibu huku anatazama barabara: "Alijua. Aliniomba nisiwaambie mpaka mmalize mitihani."

Tulikwenda mwendo mrefu bila mtu kusema neno. Kisha binti yangu akaanza kusimulia jinsi bibi alivyomfundisha kushona. Kumbe mama alikuwa akiamka usiku, anafumua mshono uliopinda na kuushona upya, ili asubuhi mtoto aamke akute kazi yake imenyooka na aamini kwamba ameweza. Binti yangu alikuwa amelijua hilo muda wote na hakumwambia mtu. Nililia mpaka shingo ya blauzi ikalowa. Mazungumzo yale yasingetokea nyumbani, mbele ya kile kiti.

Na kama hoja ni dini, basi tuisome Injili ya Luka, sura ya 2. Yusufu alitoka Nazareti akapanda mpaka Bethlehemu pamoja na Mariamu, naye ana mimba, kwa sababu Kaisari Augusto ametoa amri watu waandikishwe. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Mathayo anaongeza kwamba baadaye walikimbilia Misri na mtoto. Mwana alizaliwa ugenini, wazazi wake wako safarini. Sielewi mtu anawezaje kusoma habari hiyo kila mwaka kisha akaona aibu kwa familia iliyo njiani.

Kuna jambo moja nakubaliana na msomaji huyo bila kusita: barabara za Desemba zinaua. Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura. Nimefanya zamu za usiku wa tarehe 24 na ninajua kinacholetwa kwenye machela. Nimepokea mtoto aliyevaa gauni jipya ambalo lebo ya dukani bado imening'inia kwenye kwapa, kwa sababu mama yake alitaka avae asubuhi wakifika. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kitu kinachoua zaidi yake. Kwangu mimi hao si idadi ya kwenye karatasi, maana nimewafunika shuka baadhi yao.

Kwa hiyo mwaka ule, jioni ya tarehe 24, tulipofika kwenye nyumba ya wageni tukakuta chumba tulichokwisha kukilipia kimepewa mtu mwingine, nilijua mara moja hatari iko wapi. Kijana wa mapokezi aliniambia, macho yake yako kwenye simu: "Mama, sikukuu hizi ni kuwahi." Mume wangu alikuwa ameendesha tangu alfajiri. Akasema tusipoteze muda, tuendelee hadi mji unaofuata, tutafika usiku wa manane. Nilimwomba ufunguo wa gari nikautia mfukoni mwangu.

Nilimweleza, na nataka wasomaji nao wanisikie. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa uwezo kama aliyekunywa pombe hadi asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza mtu kushika usukani. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari hukata karibu mita 28 kila sekunde. Ukisinzia sekunde tatu tu, umekwenda zaidi ya mita 80 bila dereva. Mwili wenyewe huita usingizi kwa nguvu kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, na tena kidogo alasiri, hata kama mtu anajiona mzima, na hata akiwasha redio na kufungua madirisha yote. Ulaya, sheria inamlazimisha dereva wa lori kupumzika dakika 45 kila anapotimiza saa nne na nusu za kuendesha. Huyo ni mtu ambaye barabara ndiyo kazi yake. Sisi tunaosafiri mbali mara moja kwa mwaka, na watoto wetu nyuma, tunapata wapi ujasiri wa kujipa saa kumi bila kusimama?

Tuligeuza gari tukarudi kwenye kanisa tuliloliona taa zake zinawaka kwa ajili ya ibada ya mkesha. Mzee wa kanisa alitusikiliza, hakutuuliza sisi ni wa dhehebu gani, akatufungulia darasa la shule ya Jumapili. Tulilala kwenye magodoro ya kuazima, chini ya michoro ya watoto ya safina ya Nuhu, ambayo mmoja wao alikuwa ameipaka rangi ya zambarau tupu. Asubuhi tuliingia ibadani pamoja na watu ambao hawakutujua. Hakuna aliyenipa pole wala kuinamisha kichwa aliponiona. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi niliimba wimbo mpaka mwisho.

Siku ile yote ya 25 gari halikuwashwa, na tangu hapo imekuwa sheria ya familia yetu. Tukisafiri, Krismasi yenyewe tunakaa tulipofika, hata kama ni mji usio na la kutazama. Tunaondoka kukiwa kumekucha na tunasimama kabla ya giza. Alasiri mimi ndiye ninayeshika usukani. Spea inakaguliwa upepo nyumbani, tairi zote zikiwa bado baridi, na haifukiwi chini ya mizigo yote. Na kila mtu ana mkanda wake. Mkanda tunaoutumia leo, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni yake ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Tumepewa zawadi hiyo bure, halafu sikukuu ikifika tunampakata mtoto kwa kuwa shangazi naye amepanda na nafasi haitoshi. Mikono ya mama, hata iwe na nguvu gani, haiwezi kumzuia mtoto gari linapogonga. Kama hamwenei, wengine wapande basi.

Sasa nirudi kwa mzee wetu. Hapa nawageukia wanaosafiri: mzazi aliye peke yake asibaki nyuma kwa kisingizio kwamba atachoka. Mama mkwe wangu anasafiri nasi sasa, naye amepita miaka 70. Anakaa mbele. Dawa zake ziko kwenye mkoba wake mwenyewe, haziko kwenye buti. Kila baada ya saa mbili tunasimama, anashuka na kutembea, kwa sababu kukaa kitako kwa zaidi ya saa nne huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Vituo hivyo vinatuchelewesha, na sijaona ubaya wake. Yeye ndiye anayechagua tupite njia ipi, na ana mazoea ya kuchagua ile ndefu. Kama mzazi hawezi kabisa kusafiri, basi mkae naye Krismasi, safari ianze tarehe 27. Barabara haitahama, na hata msongamano utakuwa umepungua.

Wenye nyumba za wageni nawaomba wasiuze chumba mara mbili. Mgeni anayefukuzwa mlangoni pako jioni ya tarehe 24 hapotei hewani. Anarudi barabarani, amechoka, na watoto wamelala kwenye gari.

Lakini ombi langu kubwa ni kwa waajiri, na ndiyo sababu nimeandika mapema badala ya kungoja Desemba. Maofisi mengi huwashikilia watu kazini mpaka jioni ya tarehe 24. Chukueni mfanyakazi aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akafanya kazi siku nzima, akatoka saa kumi na moja jioni na kuianza safari ya kilomita 600. Ikifika saa nne usiku ametimiza zile saa 17, na hata kama barabara ilikuwa nyeupe, bado ana kilomita 200 mbele yake. Waruhusuni wanaosafiri mbali waondoke tarehe 22 au 23, na siku hizo wazifidie Januari. Wakubwa wa zamu katika hospitali yetu wamekubali kupanga hivyo, na wagonjwa hawakukosa wa kuwahudumia, kwa sababu wasiosafiri walichukua zamu zile kwa hiari. Nawe Mhariri, nakuomba uichapishe barua hii kabla ratiba za likizo hazijafungwa.

Muuguzi na mama wa watoto watatu