Kwa vijana wa gatini Lamu: msimsukume mtoto majini

Wanangu, assalaam alaykum.

Nawaandikia nyinyi ambao watoto wa mtaa huwafuata mkienda kuoga baharini. Nyinyi husema mtoto mwoga dawa yake ni kusukumwa, atapetape mpaka ajue mwenyewe. Wako waliojua hivyo, sikatai. Lakini wale walioshindwa hamwaoni tena pwani, ndiyo maana mnadhani dawa hiyo inaponya.

Mimi nawaona. Yuko mtu mzima hapa kwetu, baba wa watoto, aliyesukumwa utotoni akameza maji, akatolewa anatapika huku wenzake wanacheka. Hadi leo akivuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, hukaa katikati ya boti, ameshika ubao kwa mikono miwili, jasho linamtoka hata asubuhi za kusi. Anajua vyema kuwa nahodha ni hodari. Kujua hakumfai kitu. Ubongo una sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo hupiga mbiu ya hatari kabla mtu hajawahi kufikiri. Mtoto akikosa pumzi hata mara moja, sehemu hiyo yaweza kuyafunga maji na kifo pamoja. Kisha kila anapoyakwepa hupata nafuu, na nafuu hiyo humwambia kuwa alifanya vizuri kukimbia. Ndivyo hofu inavyodumu miaka na miaka.

Nasi ni watu wa kisiwani! Uwanja wa ndege uko kisiwa cha pili, Manda, barabara ya bara inaanzia Mokowe. Anayeogopa maji hajifunzi kuogelea, na mashua ikipinduka, yeye ndiye atakayemng'ang'ania mwokozi wake mpaka wazame wote.

Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alieleza alivyomtibu mtoto mdogo, Peter, aliyeogopa sungura. Hakumtupia sungura mapajani. Mnyama aliletwa akiwa kizimbani, kwa mbali, huku mtoto anakula chakula akipendacho. Siku baada ya siku akasogezwa, mpaka Peter akamshika mwenyewe.

Nanyi fanyeni hivyo. Mpelekeni mtoto mchangani Shela maji yakiwa yamepwa, si gatini penye kina na mkondo. Acheze kwenye maji ya vifundoni mpaka azoee, hata ikichukua wiki nzima. Magoti yatakuja baadaye, na kichwa ndiyo mwisho kabisa. Awe na mtu anayemwamini, na akisema basi, iwe basi. Msimwambie "nimekushika" kisha mkamwachia. Hapo mtakuwa mmerudi mlikoanzia, pengine nyuma zaidi. Na anayemcheka mwenzake, mwondoeni ufuoni siku hiyo.

Jumamosi nitakuwa Shela maji yakianza kupwa. Mwenye mdogo wake anayeogopa, amlete. Yule baba wa boti ya Mokowe nimemwomba naye aje, amekubali kukaa mchangani kwanza.