Usiite tingatinga kwanza

Mwende rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka Mwala. Sisi huku tu wazima, mbaazi tumeshavuna na shule zimefunguliwa. Barua yako nimeipata, na nimefika pale unaposema umeshapatana na mwenye tingatinga aje akate matuta kwenye shamba la marehemu baba kabla ya mvua ya vuli. Tafadhali, usimlipe bado.

Shamba lile nalijua. Juu ni mwinuko mkali, katikati kuna ule mfereji unaopanuka kila msimu, na chini ni kwa jirani, ambaye simwoni akinyamaza siku maji yako yatakapoingia kwenye mahindi yake. Tingatinga litakata mistari iliyonyooka, na kilima hakijanyooka. Mtaro ukiinama kidogo tu upande mmoja, maji yote hukimbilia huko, yakavunja tuta la kwanza, yakashuka na la pili na la tatu. Utakuwa umelipa pesa zako kuchimbiwa korongo.

Nenda ofisi ya kilimo ya wadi umuulizie afisa wa ugani. Tangu Katiba ya 2010 iikabidhi kaunti kazi ya kilimo, hao ni watu wa kaunti, na ushauri wao haulipiwi. Huenda ukaombwa mafuta ya pikipiki. Ukiwa nayo toa, kwa maana maafisa ni wachache na wadi ni pana.

Usishangae akija na kamba, fito mbili za urefu mmoja na pimamaji ndogo ya kuning'iniza katikati ya kamba. Havihitajiki vingine. Atazunguka kilima akitafuta sehemu zenye kimo sawa na kupiga vigingi, na utaona mstari wake unapinda kufuata mwili wa kilima. Hapo ndipo mtachimba fanya juu: mtaro wa sentimita 60 hivi kwa upana na kina, udongo wote urushwe upande wa juu, na muache nafasi kidogo kati ya tuta na mtaro ili udongo usirudi ndani. Juu ya tuta pandeni nyasi za makarikari au mabingobingo. Mizizi itashika udongo, na ng'ombe watapata cha kula. Kila mvua inaleta udongo mwingine nyuma ya tuta, na miaka ikipita mteremko unageuka ngazi bila mtu kuzichonga. Mwulize pia kuhusu mtaro wa kukinga maji yanayotoka barabarani, maana hayo yakiachwa, matuta yote ni bure.

Unasema kaka yako anakataa kwa kuwa matuta ni mambo ya mkoloni. Hajakosea kabisa. Wazee wetu walilazimishwa kuchimba, na mifugo ikachukuliwa kwa kisingizio cha kuokoa udongo, hata mwaka 1938 Muindi Mbingu, kiongozi wetu Wakamba, akaongoza watu hadi Nairobi kudai ng'ombe wao. Serikali ya kikoloni ilimkamata ikampeleka Lamu. Lakini mkumbushe pia kilichofuata: vikundi vya mwethya vilichimba kwa hiari, shamba la huyu leo na la yule wiki ijayo, na programu ya kitaifa ya kuhifadhi udongo iliyosaidiwa na Sweden kuanzia 1974 ilikuta watu tayari wana majembe mkononi. Matuta ya hiari ndiyo anayoyaona leo akipita Machakos kwa matatu. Kwa hiyo afisa akija, mpeni kaka kamba ashike mwenyewe, tena aseme mtaro upite wapi pale utakapogongana na miembe yake aliyopandikiza.

Kuhusu miti, usipande mkaratusi karibu na kisima. Tafuta mukau. Mbao zake haziliwi na mchwa, na inavumilia ukame wetu. Mbegu zake ni ngumu kuota, kwa hiyo nunua miche. Watu wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kule Kitui wameifanyia kazi miaka mingi.

Mimi bado niko na klabu ya 4K, ile ya kilimo ya wanafunzi, hapa shuleni. Klabu hizi zilikuwa zimelala mpaka zilipofufuliwa 2021, na sasa watoto wanaziona kama mchezo. Wawili wanashika fito, wa tatu anasoma pimamaji, wengine wanagombania nyundo ya vigingi. Hesabu za mteremko zilizowashinda ubaoni wanazimaliza shambani. Zoezi ninalolipenda ni lile la kupima nyumbani na mzazi, kwa sababu baba aliyemkwepa afisa msimu mzima hushika fito akiombwa na binti yake. Nalitegemea hilo kuliko sherehe za miche. Tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa likizo tukapande miti, tukapanda, na mbuzi nao, likizo yao ikawa kuila hiyo miche.

Basi, ukishapata siku na afisa, nijulishe. Ikiwa Jumamosi, na wazazi wakikubali, nitakuja na wanafunzi wachache wa kupiga vigingi. Kamba na pimamaji tunazo. Wewe tafuta majembe na sururu, zungumza na jirani wa chini mapema, na uwapikie watoto muthokoi wa kutosha, maana hawa wangu wanakula.

Msalimie mama sana.

Wako,
Kalondu