Mijusi wawili kwenye tangi moja hawapendani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu makala ya ukurasa wa familia ya Jumamosi iliyopita. Mwandishi aliwashauri wazazi tulioko Ulaya kwamba mtoto akililia mjusi wa kufuga, anunuliwe wawili wadogo wa tumbo moja "ili wasione upweke". Pembeni mkaweka picha ya vijusi viwili, kimoja kimelala juu ya mgongo wa kingine, na maneno kwamba ndugu hao wanapendana.

Hawapendani, Mhariri. Nafanya kazi katika duka la wanyama hapa Leicester, upande wa mijusi na nyoka, na kinachoonekana katika picha ile ni mmoja kumnyang'anya mwenzake taa ya joto.

Mjusi mwenyewe ni yule wa Australia mwenye ndevu, yaani ngozi yenye miiba chini ya kidevu, kipenzi cha familia nyingi huku. Ukimshika hakung'ati, anakula nyenje na majani, akitunzwa vizuri anapita miaka kumi. Huo upole ni wa kwa binadamu. Huko kwao, kwenye nyika kame, kila mmoja hutafuta kisiki au nguzo ya uzio ya kuotea jua, na aliyezidiwa nguvu hukimbilia kwingine. Ndani ya tangi la kioo atakimbilia wapi? Taa ya joto ni moja. Chini yake panatakiwa pafike nyuzi 40 hivi za Selsiasi, kwani mjusi asipopata joto chakula hakisagiki tumboni. Anayelala juu anapata joto lote pamoja na mionzi inayomjengea mifupa. Wa chini anaambulia kivuli. Utamwona anakula, na bado anakonda.

Sisi tuliokulia Mwanza tumeyaona haya tangu utotoni. Yule mjusi wa mawe mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, anayejitanua juu ya mawe ya Capri Point huku akiinua na kushusha kichwa, ni wa familia moja na huyu wa Australia. Dume likishalitwaa jiwe, dume jingine likisogea linatimuliwa. Wala hakuna aliyewahi kusema yale yanacheza.

Wateja wengi huchanganywa na ishara ya mkono. Mjusi mdogo anainua mkono mmoja na kuuzungusha taratibu hewani, watoto wanashangilia kwamba anawapungia. Ile ni shikamoo yake kwa mkubwa: nimekuona, sitaki ugomvi. Mkubwa anajibu kwa kutingisha kichwa, na akikasirika ndevu zinageuka nyeusi tii. Mdogo anayepunga mkono kutwa ni mdogo anayeishi kwa hofu. Msidhani pia ni viumbe vizito wasioona kinachoendelea. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln hapa Uingereza walionesha kwamba mijusi hawa wanaweza kumtazama mwenzao akisukuma kijilango kwa kichwa, kisha nao wakafanya vilevile. Wanatazamana sana. Ndiyo maana hata ukigawa tangi kwa kioo hujasaidia kitu, maana mnyonge anaendelea kumwona mbabe wake saa zote.

Hivi karibuni dada mmoja wa Kigoma alituletea wawili kwenye boksi la viatu. Walitoka mayai ya siku moja, lakini mmoja alikuwa karibu mara mbili ya mwenzake. Yule mdogo hakuwa na ncha ya mkia, na vidole viwili vya mguu vilikuwa vimeliwa. Dada akaniuliza kama vitaota. Havitaota. Mkia wa aina hii ukikatika ndiyo basi, si kama wa mjusi wa ukutani nyumbani. Na aliyemng'ata si mkatili. Vijusi wenye njaa hudaka chochote kinachotikisika mbele yao, kiwe nyenje au kidole cha ndugu.

Mtaniuliza, mbona madukani wanawekwa wengi pamoja? Swali la haki. Wanakaa hapo muda mfupi, wanalishwa mara kadhaa kwa siku, kuna mtu wa kuwaangalia, na hata hivyo tunawatenga kila tukiona mmoja anabaki nyuma. Tena nitasema ukweli ambao hautampendeza bosi wangu: kuuza wawili kunalipa kuliko kuuza mmoja.

Wakiwa wadogo ni vigumu hata kujua dume na jike. Wakitokea madume mawili, wanapigana. Akitokea dume na jike, jike anasumbuliwa mpaka anataga mayai akiwa bado mwili wake haujakomaa, na hapo kalsiamu inamwishia. Kwa sisi wa huku kuna na sheria: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, ya Uingereza na Wales, inamtaka mfugaji azingatie haja ya mnyama kuwekwa pamoja na wenzake au mbali nao. Kwa mjusi huyu ni mbali.

Aliyekwisha kununua wawili kwa kuifuata makala yenu asingoje mwisho wa mwezi. Leo hii akate kipande cha mbao au kadibodi ngumu isiyopitisha macho, agawe tangi, na kila upande uwe na taa yake. Hiyo ni ya kujishikiza tu hadi lipatikane tangi la pili. Umeme huku ni ghali, najua, na taa mbili si mchezo. Akishindwa, ampe mtu mmojawapo. Kwa sasa awalishe kila mmoja peke yake, nyenje wasizidi upana wa nafasi kati ya macho ya mjusi, na awapime kila wiki kwa mizani ya jikoni. Yule mdogo akishatengwa anatakiwa aanze kuongezeka uzito. Asipoongezeka, apelekwe kwa daktari wa wanyama anayejua mijusi, pamoja na kinyesi chake kibichi ndani ya kikopo, kwa sababu vimelea vya tumbo humshambulia zaidi aliyedhoofika, na daktari atataka kukipima kabla ya kuandika dawa.

Msomaji wenu,
Leicester, Uingereza