Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Utafiti wa Ugonjwa wa Lafora

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitazungumzia utafiti, maana ndilo swali ninaloulizwa na kila mzazi.

Daktari Gonzalo Rodríguez Lafora wa Hispania alivieleza vibonge vinavyobeba jina lake mwaka 1911, lakini jeni ya kwanza inayohusika, EPM2A, ilijulikana mwaka 1998 na ya pili, EPM2B, mwaka 2003. Mtoto akirithi kasoro ya jeni moja kati ya hizo kwa baba na kwa mama, glaikojeni yake, yaani sukari ambayo mwili huiweka akiba, huota matawi marefu kupita kiasi, haiyeyuki, na hurundikana ndani ya seli za ubongo kuwa vibonge hivyo. Wengi wenu mmeyaona matokeo yake nyumbani: kijana aliyekuwa akifanya vizuri darasani anaona mianga ambayo wengine hawaioni, mkono unashtuka na kikombe kinamwagika, kisha kifafa kinakuja na akili inafifia mwaka hadi mwaka.

Panya wenye ugonjwa huu walipopunguziwa uwezo wa kutengeneza glaikojeni, vibonge vilipungua mno. Nauona huu kuwa ugunduzi mkubwa kuliko mwingine wowote tulio nao, kwani ulionyesha mahali pa kulenga. Dawa ya majaribio ION283 inapita njia hiyo: hunyamazisha GYS1, jeni ya kimeng'enya kinachounda glaikojeni. Dawa za namna hii zilipopewa panya wachanga, vibonge havikujengeka. Kwa panya wakubwa, viliacha kuongezeka. Kwa hiyo kila mwezi unaopita kabla ya ugonjwa kutambuliwa una gharama yake, na hilo linaniumiza, kwa sababu wengi wa watoto wetu walitibiwa muda mrefu kama wagonjwa wa kifafa cha kawaida. Wengine walipewa fenitoini au kabamazepini, dawa zinazoweza kuzidisha mishtuko ya misuli.

Ndiyo maana kamati imeweka daftari la wagonjwa mbele ya shughuli nyingine zote. Watafiti hawawezi kumwita mgonjwa wasiyemjua. Wenye majibu ya kipimo cha jeni, tafadhali mleteeni katibu nakala. Ambao hamjapima, zungumzeni na daktari wa mishipa ya fahamu, pia kuhusu ndugu wa tumbo moja, kwani kila mmoja wao ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuurithi ugonjwa.